Kijiji, Rika na Jamaa: Uhakiki wa Maandishi Yahusuyo Uchumi wa Rungwe

Neno kijiji hutumiwa kila siku katika sera, sheria na taarifa za maendeleo, lakini ni mara chache mno maana yake huulizwa. Hudhaniwa kwamba kila mtu aijua: kijiji ni watu waishio pamoja, wenye nasaba moja au nasaba za karibu, walimao mashamba yao na kusaidiana kwa desturi ya wazee wao. Juu ya dhana hiyo yamejengwa mashirika, mipango ya kilimo na hata sheria za ardhi. Wilaya ya Rungwe, ambayo makao yake makuu ni Tukuyu, ni mahali panapofaa sana kwa kuipima dhana hiyo. Vijiji vya Wanyakyusa vimeandikwa kwa kirefu kuliko vijiji vya watu wengi wengine wa Afrika ya Mashariki. Na maandishi hayo, yakisomwa kwa makini, yaonyesha kwamba kijiji cha kale cha Rungwe hakikuwa kijiji cha jamaa. Kilikuwa kijiji cha watu wa rika moja.

Msingi wa maandishi hayo ni utafiti uliofanywa na Godfrey Wilson na mkewe Monica kati ya miaka ya 1934 na 1938. Mwaka 1938 Godfrey alichapisha kijitabu kuhusu haki za mtu mmoja mmoja katika ardhi ya Wanyakyusa. Alifariki mwaka 1944 kabla ya kuikamilisha kazi yake, na Monica ndiye aliyeiendeleza. Kitabu chake cha kwanza juu ya Wanyakyusa, Good Company, kilitoka mwaka 1951. Jina la kitabu hicho ni jaribio la kufasiri neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani kukaa na wenzi, kuzungumza nao, kula na kunywa nao kwa furaha. Tafsiri yenyewe si mbaya. Lakini jina zuri lina hatari yake: laweza kumfanya msomaji afikiri kwamba jambo linaloelezwa ni tabia njema tu, hali lilikuwa pia ni utaratibu wa mali, kazi na chakula.

Utaratibu wenyewe, kama ulivyoelezwa na Bi Wilson, ulikuwa hivi. Mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na watoto wenzake tangu umri wa miaka sita hivi. Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala nyumbani kwa wazazi, akajiunga na wenzake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walilala huko, lakini kula walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Kazi ya shamba walimfanyia kila mmoja baba yake. Walipooa, wake zao waliletwa katika makao yale yale ya vijana, na hapo palikua kijiji kamili, ambacho kwa Kinyakyusa huitwa ikipanga. Karibu mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, ya kuwatoa vijana: mtawala mzee aliwakabidhi wanawe nchi, vijiji vya vijana vikatambuliwa rasmi, viongozi wao wakateuliwa, na wazee wakasogea kuwapisha.

Kwa nini baba na mwana hawakukaa pamoja? Maelezo ya Bi Wilson ni ya adabu. Mkwe wa kike hakuruhusiwa kukutana na baba wa mumewe, na mambo ya unyumba ya wazee yalipasa kuwa mbali na macho ya watoto wao. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila mtu atumiaye neno heshima kana kwamba maana yake ni moja nchini kote. Mahali pengi heshima kwa mzazi huonyeshwa kwa kukaa karibu naye. Katika Rungwe ya zamani ilionyeshwa kwa kuhama.

Hapa ndipo lilipo jambo kuu la kiuchumi, nalo halikuwekwa wazi vya kutosha katika Good Company ingawa ushahidi wake wote umo humo. Maisha ya Mnyakyusa yaligawanyika kati ya asasi mbili zisizokutana mahali pamoja. Asasi ya kwanza ni kijiji cha rika: ndicho kilichotoa ardhi ya kulima, wenzi wa kusaidiana kazi, chakula cha kushirikiana, na sifa au aibu ya kila siku. Asasi ya pili ni ukoo: ndio uliomiliki ng'ombe, uliotoa mahari, uliorithisha mali kwa ndugu na kisha kwa mwana wa kwanza. Watu wa ukoo mmoja walitawanyika katika vijiji vingi, na ng'ombe wao walipita kutoka kijiji hiki mpaka kile kwa njia ya ndoa na urithi. Ardhi ilikaa mahali pamoja na kubadilisha watu. Ng'ombe walihama na kufuata damu. Kijana alimlimia baba yake kwa miaka mingi akitumaini kupewa ng'ombe wa kuolea. Alilala na kustarehe na wenzake akitumaini kupata ardhi. Kila asasi ilikuwa na deni lake na malipo yake.

Kosa la kwanza la kitabu cha 1951, basi, si la ushahidi bali ni la wakati. Mambo yake mengi yameandikwa kwa njeo ya sasa, kana kwamba kijiji cha rika kilisimama nje ya historia. Lakini miaka ya 1934 hadi 1938 haikuwa miaka ya utulivu. Wamisheni wa Moravian walikuwa Rungwe tangu 1891. Serikali ya Kijerumani ilikwisha weka boma Tukuyu, ikapaita Neu-Langenburg. Na Waingereza, tangu walipoanzisha utawala wa kutumia watawala wa kienyeji katika miaka ya 1920, walikuwa wakiwalipa watawala mishahara. Vijana walikwenda kuchimba dhahabu katika Lupa. Kahawa ilikuwa imeanza kupandwa milimani. Kijana mwenye mshahara wa Lupa aliweza kuanza kujitafutia ng'ombe mwenyewe, na hapo ile kazi ya miaka mingi katika shamba la baba ilianza kupoteza bei yake. Bi Wilson aliyajua haya, akayaandika; lakini aliyaandika kama mabadiliko yaliyokuja juu ya kijiji kutoka nje, wala si kama sehemu ya namna kijiji chenyewe kilivyofanya kazi.

Ni haki kusema kwamba yeye mwenyewe alilisahihisha jambo hili. Kitabu chake cha 1977, For Men and Elders, chahusu mabadiliko ya uhusiano wa vizazi, na wa wanaume na wanawake, kati ya miaka ya 1875 na 1971. Kwa bahati mbaya kitabu cha kwanza ndicho kinachojulikana zaidi. Picha ya vijana wakila pamoja kwa furaha imesafiri mbali kuliko maelezo ya jinsi picha hiyo ilivyofifia. Katika kuihakiki picha hiyo yafaa pia kumkumbuka Leonard Mwaisumo, karani na msaidizi wa akina Wilson, ambaye kazi yake imetambuliwa katika kitabu cha 2013 kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank. Neno ukwangala halikufika katika kitabu cha Kiingereza kwa miguu yake lenyewe. Lilipitia vinywa vya watu wa nchi waliochagua kulieleza hivi na si vile.

Mtu aliyeishika ardhi kama jambo la kwanza ni P. H. Gulliver. Kitabu chake juu ya umilikaji wa ardhi na mabadiliko ya jamii ya Wanyakyusa kilitolewa mwaka 1958 na taasisi ya utafiti wa jamii ya Kampala. Mwaka mmoja kabla yake aliandika juu ya safari za Wanyakyusa kwenda kufanya kazi za migodi. Gulliver aliona kwamba hesabu ya watu na hesabu ya ardhi hazilingani tena. Mpunga uliongeza thamani ya bonde la pwani ya ziwa, sehemu ambayo baadaye ilitengwa ikawa Wilaya ya Kyela. Kahawa iliongeza thamani ya milima. Na kahawa ina sifa moja ambayo kijiji cha rika hakikuweza kuivumilia: ni mti wa kudumu. Mtu aliyepanda ulezi au maharagwe aweza kuwapisha vijana baada ya kuvuna. Mtu aliyepanda kahawa, akaitunza miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna sawasawa, hawezi kuambiwa asogee. Miti ile ni mali yake, na mali hufuata damu. Hivyo ardhi, iliyokuwa katika hesabu ya rika, ilihamia katika hesabu ya ukoo. Mwana alianza kungoja shamba la baba yake kama alivyongoja ng'ombe zamani.

Wakati huo huo mtawala mwenye mshahara hakuwa na sababu ya kuwakabidhi wanawe nchi, wala serikali haikupenda kuona tawala zikigawanyika kila kizazi. Ubusoka ulipungukiwa na nguvu kwa sababu nguzo zake zote mbili, ardhi ya kugawa na madaraka ya kukabidhi, zilikuwa zimeondolewa. Ubora wa kazi ya Gulliver ni kwamba haukulaumu moyo wa watu. Wazee hawakuwa wachoyo kuliko wazee wa zamani. Kanuni za kitu walichokimiliki ndizo zilizobadilika. Upungufu wake ni kwamba ulikiona kijiji kama kitu kinachokufa tu, usiulize kazi za kijiji zilihamia wapi. Kusaidiana kulima, kuzikana, kusuluhishana na kupimana tabia hakufi kwa sababu ardhi imekuwa haba. Hutafuta makao mengine, kama vile kanisani, katika chama cha wakulima au katika urafiki wa watu wenye hali moja.

Tukifika katika maandishi ya sera, swali la maneno laongezeka uzito. Katika andiko lake la Septemba 1967, Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere aliisimamisha hoja yake juu ya misingi mitatu ya ukoo wa kale: kupendana na kuheshimiana, kushirikiana mali, na wajibu wa kila mtu kufanya kazi. Hakuupamba wakati wa kale bila kiasi. Alikiri kwamba ulikuwa na kasoro mbili, nazo ni umaskini na unyonge wa wanawake. Lakini aliichukua misingi yote mitatu kuwa ya asasi moja, na asasi hiyo akaiita jamaa.

Neno jamaa lastahili kutazamwa. Lilitoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kundi la watu waliokusanyika, wawe wa damu moja au wasiwe. Kiswahili kililipokea kikalivuta upande wa nasaba, ingawa maana ya kale haikupotea kabisa. Hata leo mtu husema "jamaa mmoja" akimkusudia mtu asiyemjua kwa lolote. Sera ya 1967 iliifuata maana ya nasaba. Katika Rungwe maana ya kale ya neno hilo, kundi la waliokusanyika, ingekaribia ukweli zaidi. Maana huko waliokaa pamoja hawakuwa ndugu, na waliokuwa ndugu hawakukaa pamoja. Mali ilishirikiwa na ndugu, chakula kilishirikiwa na rika, na kazi iligawanywa kati ya wote wawili. Kumwambia Mnyakyusa aishi kijijini kwa ujamaa kulikuwa kumtaka afanye kama jambo moja mambo ambayo wazee wake waliyatenganisha kwa makusudi. Methali ya Kiswahili yasema undugu ni kufaana, si kufanana. Rungwe ilikuwa imekwenda mbele zaidi, ikaweka kufaana mahali pamoja na undugu mahali pengine.

Neno kijiji nalo lina ila yake. Kwa umbo ni udogo wa mji, kama kijiti kilivyo udogo wa mti na kijito udogo wa mto. Lapima ukubwa tu. Halisemi lolote juu ya nani huishi humo na kwa haki gani. Kwa hiyo lilifaa sana kwa kazi ya utawala. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, wilaya zenye watu wengi na mazao ya kudumu, kama Rungwe, Bukoba na Kilimanjaro, kwa sehemu kubwa hazikuhamishwa watu wake mbali. Mipaka ilichorwa, majina yakaandikwa, na baada ya sheria ya vijiji ya 1975 vikaandikishwa. Ikipanga, makao yaliyosalia baada ya kahawa, na kijiji cha serikali vyote vikaitwa kwa neno moja. Mpangaji aliyesoma taarifa iliyosema kwamba watu wa Rungwe wanaishi vijijini tangu kale alikuwa amesoma kweli, akaelewa uongo.

Kwamba mambo hayakuwa sawa kati ya wanakijiji wenyewe kulionyeshwa mapema na P. M. van Hekken na H. U. E. Thoden van Velzen. Kitabu chao cha 1972, juu ya uhaba wa ardhi na tofauti za hali katika Rungwe, kilifuata mifano michache kwa karibu badala ya kusema juu ya kabila zima. Thamani yake ni kwamba chaonyesha jinsi desturi ya kusaidiana iwezavyo kubaki na jina lake huku ndani yake ikigeuka. Watu wa rika moja wakisaidiana kulima, kila mmoja hulipwa kwa zamu yake. Lakini mwenye shamba kubwa akisaidiwa na asiye na shamba la kutosha, zamu hairudi. Hurudi chakula, mkopo mdogo au neno jema kwa afisa. Huo si ushirika tena, ingawa waweza kuitwa hivyo katika taarifa.

Göran Hyden, katika kitabu chake cha 1980 juu ya Tanzania baada ya ujamaa, alishika njia nyingine. Alidai kwamba mkulima wa Afrika hajakamatwa bado na dola wala na soko, kwa kuwa ana ardhi yake na huishi kwa uchumi wa mapendo, yaani misaada ya ndugu, majirani na marafiki. Hoja hii yaeleza mengi kuhusu kushindwa kwa amri zilizotoka juu. Hata hivyo, ikiletwa Rungwe yapatwa na mashaka mawili. La kwanza: yawachanganya ndugu, majirani na marafiki katika kikapu kimoja, hali historia yote ya nchi hiyo ni ya kuwatofautisha. La pili ni chai. Mkulima wa ndizi aweza kumfungia afisa mlango, akala migomba yake. Mkulima wa chai hawezi. Jani likichumwa lapaswa kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo limeharibika. Na uchumaji hurudiwa majuma machache kila baada ya mwingine, karibu mwaka mzima katika milima ile yenye mvua nyingi. Mkulima mdogo apelekaye jani Katumba au Mwakaleli amefungwa na barabara, mizani, gari na kiwanda kuliko alivyofungwa na amri yoyote. Amekamatwa kwa hiari yake, naye hutaka sauti katika hicho kilichomkamata. Kwa hiyo uzito wa swali la ushirika katika Rungwe. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, kazi zake zikapewa mamlaka za mazao, wakulima walipoteza chombo ambacho angalau kilikuwa na mkutano; sheria ya 1982 ilivirudisha vyama, lakini mazoea ya kukutana hayarudishwi kwa sheria peke yake.

Ubishi huu wote wa vitabu ungeweza kuachwa kwa wataalamu kama usingegusa haki za watu walio hai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yampa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, yatambua haki miliki za kimila, na yatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Maneno mawili, kijiji na mila, yamebeba mzigo mkubwa katika sheria hiyo. Katika Rungwe yapasa kuulizwa: mila ipi? Ikiwa ni mila iliyoelezwa na akina Wilson, ardhi ilikuwa ya rika na ilipasa kupishwa kwa vijana. Ikiwa ni mila aliyoikuta Gulliver, ardhi ni ya mwenye miti na wanawe wa kiume. Mzee ashikaye ya pili huiita ya wahenga. Kijana asiye na shamba hajui kwamba ya kwanza ilikuwapo. Na mjane, ambaye katika zote mbili alilima kwa jina la mume, huambiwa kwamba mila haimjui. Mila ya ardhi ya kurithi kwa damu, inayodaiwa kuwa ya tangu na tangu, kwa sehemu kubwa ina umri wa mti wa kahawa.

Hilo ndilo fundisho ambalo maandishi ya Rungwe, yakiwekwa pamoja, hutoa kwa watunga sera. Asasi za jamii si pambo la uchumi wala kizuizi chake. Ni njia ambazo ardhi, kazi na mali hupitia, na njia hizo hubadilika mazao yanapobadilika. Sera iamuruyo watu waishi kama ndugu, bila kuuliza ndugu wamegawana nini na majirani wamegawana nini, itatii neno na kukosa jambo.

Kwa wanaisimu kazi ni ya karibu zaidi. Kamusi za Kiswahili zimeridhika kueleza kijiji kwa udogo wake na jamaa kwa damu yake. Yafaa maneno ya namna ya ikipanga na ukwangala yakusanywe kwa Kinyakyusa chenyewe, pamoja na mifano ya matumizi kutoka kwa wazee na vijana, wanaume na wanawake, na yaelezwe kwa Kiswahili bila kupitishwa kwanza katika Kiingereza. Mpaka leo mtu wa Tukuyu atakaye kusoma habari za kijiji cha babu yake hulazimika kuzisoma katika lugha ya tatu, kwa maneno yaliyochaguliwa na wageni. Hali hiyo ikiendelea, mabaraza ya ardhi yatazidi kuamua mashauri kwa maneno ambayo hakuna aliyeyapima, na watakaopata hasara ni wale wale wasio na shamba.